Martina Bergman-Österberg, Mwalimu wa Walimu

Martina Bergman alizaliwa mwaka 1849 katika nchi ya Uswidi, upande wa kaskazini wa Ulaya. Alipokuwa kijana alifanya kazi ya kufundisha watoto nyumbani mwa watu. Umri wake ulipokaribia miaka thelathini, akaingia katika chuo cha mazoezi ya viungo cha Stockholm, alichokianzisha Per Henrik Ling mwaka 1813. Huko mazoezi hayakuwa mchezo tu, bali elimu. Mwanafunzi alijifunza jinsi mifupa na misuli ilivyoungana, na jinsi moyo na mapafu yafanyavyo kazi, ili ajue analowaamuru watoto kulifanya.

Mwaka 1881 Baraza la Shule la London, mji mkuu wa Uingereza, likamwita asimamie mazoezi ya wasichana. Watoto wa maskini walikuwa wengi mno katika madarasa yale, na miili ya wengi wao ilikuwa dhaifu. Wavulana walifundishwa gwaride kama askari. Wasichana walikaa wakishona. Martina akaona kwamba peke yake hawezi kuwafikia watoto wote. Basi akawakusanya walimu wa kike akawafunza, na katika miaka michache zaidi ya walimu 1,000 walipita mikononi mwake.

Hata hivyo hakuridhika. Mwalimu aliyejifunza kwa muda mfupi aliweza kutoa amri, lakini hakujua kwa nini zoezi hili lamfaa mtoto na lile laweza kumdhuru. Kwa hiyo mwaka 1885 Martina akafungua chuo chake mwenyewe huko Hampstead, na baadaye akaiacha kazi ya Baraza, ingawa ilikuwa na mshahara wa hakika. Wasichana wakasoma kwake miaka miwili: habari za mwili, usafi, kukanda viungo, mazoezi na michezo. Alikuwa mkali, wala hakumvumilia mvivu.

Mwaka 1895 akakihamishia chuo Dartford, penye viwanja vipana. Wanafunzi wake walikuwa miongoni mwa wale walioupokea mpira wa kikapu kutoka Marekani na kuugeuza kidogo kidogo, hata ukawa mpira wa pete uchezwao na wasichana katika shule nyingi za Afrika ya Mashariki.

Alifariki mwaka 1915, lakini kabla ya kufa alikitoa chuo chake kiwe mali ya taifa. Wanafunzi wake walikuwa wamekwisha kutawanyika katika shule nyingi, kila mmoja akiongoza mazoezi kwa maarifa. Aliyepanda mti mmoja hula matunda yake. Bali aliyewafundisha wengine kupanda, shamba lake halina mpaka.