Habib Saleh na Halka ya Langoni

Mwaka jana, baada ya swala ya alasiri, nilikuwa Kotile, kandokando ya Mto Tana katika kaunti ya Garissa. Nilialikwa kusoma mashairi, lakini nikakuta baraza lingine limekwisha kukaa: walimu wa madrasa, wazazi, na vijana kumi na kitu walioacha shule. Mshauri aliyeletwa, naye ni kijana aliyesomea kazi hiyo chuo kikuu, aliwapanga watu duara. Akaeleza kwamba mtu huona haya kutoa dhiki yake mbele ya mkubwa mmoja, ila akiwasikia wenziwe wakisimulia yaliyowafika, ulimi wake hulegea. Maneno mazuri. Lakini kijana mmoja, mtoto wa mchungaji wa mifugo ya watu, alibaki ngazini, penye viatu. Hakuna aliyemwita, naye hakujileta. Mimi pia sikumwita, na jambo hilo laniudhi hata leo.

Magharibi ilipokaribia, mshauri yule aliniuliza kama sisi watu wa pwani tuliwahi kuwa na elimu ya namna hii. Nikamtajia Habib Saleh wa Lamu. Alilijua jina, kwa ajili ya maulidi, lakini mtu mwenyewe hakumjua. Nikamwahidi kwamba nitaandika.

Sayyid Saleh bin Alawi, wa ukoo wa Jamalilleyl, alizaliwa Ngazija katikati ya karne ya 19. Alifika Lamu angali kijana, akapokewa na mzee wa ukoo wake aliyekuwa tabibu wa miti shamba. Kwa mzee huyo alijifunza tiba. Elimu ya dini aliitafuta kwa wanavyuoni wa mji, akiwamo Mwenye Mansab, shekhe na mshairi aliyefariki mwaka 1922.

Msomaji aikumbuke Lamu ya siku zile. Kaskazini ni Mkomani, mtaa wa nyumba za mawe na wa waungwana walioweka hesabu ya nasaba zao kama mtu awekavyo hesabu ya fedha. Kusini ni Langoni, nyumba za makuti, ndiko walikokaa wengi wa wageni na watu wa chini. Elimu ilikuwa mali ya nyumba, baba humrithisha mwanawe. Mtumwa alifunzwa kiasi cha kumtosha kuswali, basi, asije akajiona sawa na bwana wake. Sheria ya kuukomesha utumwa katika pwani ya Kenya ilikuja mwaka 1907, lakini sheria haikumwonyesha mtu aliyeachwa huru wapi akae barazani.

Habib Saleh alikwenda kukaa pembeni mwa Langoni, kibandani, akaanza kuwasomesha watu hao hao. Waungwana walichukizwa, na hata baadhi ya masharifu wenziwe hawakupendezwa. Mtu mwenye nasaba ya Mtume (S.A.W.), ambaye angeweza kuketi juu ya zulia la yeyote Mkomani, amechagua mkeka wa wanyonge!

Sisi tuliopita chuoni twaijua halka ilivyo. Mwalimu mbele, wanafunzi wamemzunguka, mmoja anasoma na wengine wanasikiliza. Mimi binafsi nilijifunza zaidi kwa makosa ya mtoto aliyeketi kando yangu kuliko kwa bakora ya mwalimu. Akikosea yeye nami nikatambua kosa, nilijua kwamba nimekwisha fahamu. Akisahihishwa bila kudhalilishwa, nami hofu ilinitoka. Sasa mchukue mtu ambaye tangu kuzaliwa hakuwahi kuulizwa rai yake, umketishe hapo, zamu yake ifike, watu wote wanyamaze wamsikilize yeye.

Kisha likaja jambo la maulidi. Lamu ilizoea Barzanji, ambayo Mwenye Mansab mwenyewe alikwisha kuigeuza mashairi ya Kiswahili. Habib Saleh akaleta maulidi iliyotungwa na Habib Ali bin Muhammad al-Habshi wa Seiun, Hadhramaut, aliyefariki mwaka 1915. Ikasomwa kwa matari, watu wakisimama safu, bega kwa bega, wakiyumba pamoja na kuitikia kwa sauti moja. Wapinzani walisema ngoma haina mahali msikitini. Hoja hiyo ingaliko mpaka leo, na si kazi yangu kuihukumu hapa. Lakini nadhani kilichowachoma baadhi yao si tari tu, ni mkono ulioishika.

Mwaka 1905, kule Boston, Marekani, daktari Joseph Pratt alianza kuwakusanya pamoja wagonjwa maskini wa kifua kikuu, akaona kwamba wanatiana moyo kuliko yeye alivyoweza kumtia mmoja mmoja. Katika miaka ya 1940 Kurt Lewin, Myahudi aliyeikimbia Ujerumani ya Hitler, akaifanya nguvu ya kundi kuwa somo la chuo kikuu. Hao hawakusikia habari za Langoni, wala Langoni haikusikia zao.

Msikiti wa Riyadha ulijengwa kukaribia mwaka 1900, ukawa chuo kikubwa. Walikuja wanafunzi kutoka mbali, hata Wapokomo wa Mto Tana, na waliorudi kwao wakarudi na darsa na matari. Kwa njia hiyo halka ya Langoni ikapanda mto.

Sitaki kumsifu mtu mpaka nikadanganya. Duara lina kitovu, na kitovu nacho huvuta. Wengi walioacha kumwinamia bwana wa Mkomani waliinama kuubusu mkono wa sharifu, na baada yake heshima hiyo ikashuka kwa watoto na wajukuu, mpaka wako walioona kwamba daraja moja imeondoka ikaja nyingine. Na wanawake, waliokuwa na dhiki zao, walibaki kusikiliza kwa nje.

Habib Saleh alifariki katikati ya miaka ya 1930. Kila mwaka, mwishoni mwa Mfungo Sita, Lamu hujaa wageni wa maulidi, na ziara huenda kaburini kwake. Hati za mkono za Riyadha nazo zimepigwa picha kwa msaada wa maktaba ya taifa ya Uingereza, zisije zikaliwa na mchwa.

Usiku ule ule Kotile, baada ya isha, ilisomwa maulidi ya Habshi. Walipofika mahali pa kusimama, safu ikafanywa, na mzee mmoja akanyosha mkono akamvuta yule kijana wa ngazini akamweka kati yake na mimi. Kasida yote aliijua kwa moyo. Beti mbili nilizozisahau nilizifuata mdomoni mwake.