Alexander Mackay: Fundi aliyechonga herufi kando ya Ziwa Victoria

JINA la Alexander Mackay linafahamika zaidi nchini Uganda, ambako shule moja ya Natete, jijini Kampala, imepewa jina hilo. Hata hivyo, safari yake ya ziwani ilianzia Kageyi na kuishia Usambiro, sehemu zote mbili zikiwa pwani ya kusini, upande wa Mwanza.

Mackay alizaliwa Oktoba 13, mwaka 1849, katika kijiji cha Rhynie, Scotland, akiwa mtoto wa mchungaji. Alisomea ualimu, kisha uhandisi mjini Edinburgh, na baadaye akafanya kazi ya kuchora mitambo mjini Berlin. Hivyo alipojiunga na Chama cha Misioni cha CMS mwaka 1876, alikuwa mwalimu, fundi na mchoraji kwa pamoja.

Alitua Zanzibar mwaka huo huo, na mwaka uliofuata akasimamia ukataji wa barabara kutoka Saadani hadi Mpwapwa. Juni 1878 alifika Kageyi na kukuta shehena ya misioni imetawanyika na vyuma vimeshika kutu. Wenzake wawili walikuwa wameuawa Ukerewe Desemba 1877. Mackay hakutafuta kisasi. Alivuka maji kwenda kuonana na Mtemi Lukonge kwa mazungumzo ya amani. Akaikarabati mashua iitwayo Daisy, na Novemba 1878 akaingia Buganda.

Katika ikulu ya Kabaka Mutesa, lugha iliyowaunganisha wenyeji na wageni ilikuwa Kiswahili, ambacho wafanyabiashara wa pwani walikwisha kukifikisha huko. Kwa Mackay ilikuwa lugha ya kujifunza, na kwa Waganda vilevile. Alisoma Injili za Kiswahili zilizotafsiriwa na Askofu Edward Steere wa Zanzibar, na maneno yake yakafasiriwa kwa Kiganda.

Tatizo lilikuwa vitabu. Wanafunzi waliongezeka, lakini maandishi ya kuwapa hayakuwapo, na kuagiza kutoka Ulaya kulichukua miezi mingi. Mackay akarejea kwenye ufundi wake. Alichukua mbao na kuchonga herufi kwa mkono, moja baada ya nyingine, akazipanga, akazipaka wino na kuchapa karatasi za alfabeti na za mazoezi ya kusoma, kwa Kiswahili na kwa Kiganda.

Karakana yake ikawa darasa. Vijana wa ikulu walikuja kutazama jiwe la kunolea likizunguka na chuma kikifuliwa, wakabaki kujifunza herufi. Wanafunzi hao waliitwa abasomi, neno ambalo msomaji wa Kiswahili hahitaji kutafsiriwa.

Usomi huo ulikuja kuwa wa hatari. Mutesa alifariki mwaka 1884, na mwanawe Mwanga, aliyekuwa kijana bado, akawatilia shaka wageni na wanafunzi wao. Januari 31, mwaka 1885, vijana watatu wa misioni waliuawa. Juni 3, mwaka 1886, wengi zaidi, Wakatoliki na Waanglikana, walichomwa moto Namugongo. Katika kipindi hicho kuonekana na karatasi yenye maandishi kuliweza kumponza mtu, lakini Mackay hakuacha kuchapa. Karatasi zilifika mahali ambapo mwalimu mwenyewe hakuweza kufika.

Julai 1887 alilazimishwa kuondoka Buganda. Alihamia Usambiro, akasimamisha tena mtambo wa kuchapia na kuendelea na tafsiri ya Kiganda, huku akiunda mashua ya mvuke. Mwaka 1888 Mwanga naye alipinduliwa na kukimbilia pwani hiyo hiyo ya kusini, akapokewa na mapadre Wafaransa wa Bukumbi. Kabaka aliyemfukuza fundi akawa mkimbizi jirani yake.

Mwaka 1889 msafiri Henry Stanley alipita Usambiro akiwa na Emin Pasha, akapumzika hapo kabla ya kuendelea kwenda Bagamoyo. Mackay hakufuatana nao. Tangu alipoiacha Uingereza mwaka 1876, hakurudi tena.

Hakuwa mtu asiye na dosari. Alivutana vikali na Waarabu wa ikulu na pia na mapadre Wakatoliki, na mabishano hayo mbele ya Kabaka yalichangia kuwagawa wasomi katika makundi ambayo baadaye yalipigana. Aidha, alitamani kuona mamlaka ya Kiingereza yakienea hadi ziwani, jambo ambalo wengi wa wanafunzi wake hawakuulizwa.

Malaria ilimkamata mwanzoni mwa Februari 1890, akiwa katikati ya kutafsiri Injili ya Yohana. Alifariki Februari 8, akiwa na umri wa miaka 40, na kuzikwa Usambiro. Mwaka 1927 mabaki yake yalihamishiwa Namirembe, Kampala.

Kazi ya tafsiri iliendelezwa na wengine, hasa George Pilkington akishirikiana na Waganda, na mwaka 1896 Biblia nzima ya Kiganda ikatoka. Kufikia wakati huo vitabu vilikuwa vikichapwa Uingereza kwa herufi za risasi na kusafirishwa kwa mizigo hadi ziwani. Waliovipokea na kuwafundisha wenzao walikuwa pamoja na wale waliojua kusoma kwa karatasi za herufi za mbao.