Askofu Edward Steere na Kanisa Kuu la Unguja

Ndugu wa Kisarawe na Kibaha, wengi wetu hatujavuka bahari. Kanisa Kuu la Mkunazini, Unguja, twalijua kwa picha nyeusi na nyeupe. Mjenzi wake, Askofu Edward Steere, alizaliwa London mwaka 1828. Soko la watumwa lilipofungwa mwaka 1873, msingi uliwekwa papo hapo, naye akausimamia ujenzi. Husimuliwa kwamba alipokuwa safarini mafundi walisimamisha nguzo kadha kichwa chini. Nazo zingali hivyo hata leo. Alifariki mwaka 1882, akazikwa nyuma ya altare. Ndani mna kiza; mpiga picha huiacha kamera wazi kitambo, nuru iingie kidogo kidogo. Tuwaonyeshe watoto picha hiyo: kosa la mafundi halikufichwa, wala mahali walipouzwa watu hapakusahauliwa.