Yatima Aliyekuwa Kadhi Mkuu

Tukimtaja Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, Mwenyezi Mungu amrehemu, wengi wetu hukumbuka gazeti lake la Al-Islah la mwaka 1932, na ukadhi mkuu wa Kenya alioushika tangu 1937. Ni wachache wakumbukao kwamba alikuwa yatima. Alizaliwa Mombasa mwaka 1891. Babake, Sheikh Ali bin Abdallah, mwanachuoni mkubwa, alifariki 1894, na mtoto yungali mdogo mno.

Aliyemchukua ni jamaa yake, Sheikh Sulayman bin Ali Mazrui. Alimlea na kumsomesha, na baadaye kijana akapata ilimu kwa Sayyid Ahmad bin Sumait na Sheikh Abdallah Bakathir, mabwana wa ilimu wa Unguja.

Mlezi ana haki zake: kutiiwa, kuheshimiwa, kumwadibu mtoto kwa wema, na akiwa fakiri, kula kwa kiasi katika mali ya yatima aisimamiayo. Lakini nasaba haimo katika haki hizo. Suratul Ahzab imeamrisha watoto waitwe kwa baba zao. Sheikh wetu alilelewa na Sulayman, akaishi na kufa akiitwa mwana wa Ali bin Abdallah.

Twawaona watu humchukua mtoto wa ndugu aliyekufa, wana wao wakaenda chuoni, naye akabaki kuteka maji. Uovu huo hauhitaji maelezo. Wako na wengine, watu wema hasa, humwandikisha mtoto kwa jina lao kwa mapenzi, wasijue kuwa wamemnyang'anya babake mara ya pili. Kuwaambia hao ni kazi nzito zaidi.

Sheria ya Watoto ya Kenya ya mwaka 2022 imeitaja kafala, yaani malezi ya Mwislamu kwa mtoto aliyekosa wazazi. Basi Mwislamu wa Adungosi, karibu na mpaka wa Uganda, ambako jamaa moja huweza kukaa pande zote mbili, ana njia ileile aliyo nayo wa Mombasa.

Sheikh Al-Amin hakuwasahau watoto. Miongoni mwa vitabu vyake kimo Hidayatul Atfal, cha kuwafundisha wao dini. Alifariki mwaka 1947. Mwanawe Ali, aliyekuja kuwa profesa mashuhuri ulimwenguni, alikuwa na umri wa miaka 14.