Walter Wanderley: mtu aliyeifanya bossa nova iteleze kwenye kinanda cha umeme

Haya wadau, leo ni muziki. Wale mnaobonyeza vinanda vya Yamaha na Casio mnaujua ule mdundo ulioandikwa Bossa Nova. Mie hapa Amani najifunzia kinanda cha kuazima, na kila nikiuwasha, babu mmoja jirani, mtu wa taarabu ya zamani, hunambia huo si muziki, ni umeme tu. Wallahi iliniuma. Ndo nikaanza kumfuatilia Walter Wanderley.

Jamaa alizaliwa tarehe 12 Mei 1932 mjini Recife, Brazil. Mwishoni mwa miaka ya 50 alikuwa São Paulo, akipiga kinanda kwenye vilabu na kuwapangia waimbaji muziki, akiwemo mkewe, Isaurinha Garcia. Wakati huo huo kule Rio de Janeiro bossa nova ndo inazaliwa: samba iliyopozwa, gitaa la João Gilberto na sauti ya chini chini. Ungedhani kinanda cha umeme hakina nafasi humo. Lakini mwaka 1961 Gilberto mwenyewe alirekodi baadhi ya nyimbo za albamu yake akisindikizwa na Wanderley.

Baadae Tony Bennett, mwimbaji wa Marekani, akamsikia na kumsifia kwa watu wa kampuni ya Verve. Mwaka 1966 akavuka kwenda Marekani, akapiga Samba de Verão, wimbo wa ndugu wawili Marcos na Paulo Sérgio Valle. Hakuna anayeimba humo, kinanda ndo kinaimba, na ukafika namba 26 kwenye chati ya Billboard.

Sasa ufundi uko wapi? Alipiga Hammond B-3. Kinanda hicho ukibonyeze kwa nguvu au taratibu, sauti ni ile ile, na ukishikilia inaendelea tu. Kwa hiyo Wanderley alicheza na muda. Anagusa na kuachia haraka, noti fupi fupi, anaacha nafasi ngoma na besi zisikike. Na ngoma zile zilipigwa na mtu, si mashine.

Alifariki kwa saratani tarehe 4 Septemba 1986 huko San Francisco, akiwa na miaka 54.

Mie nimejifunza hivi: kitufe kinakupa mdundo, ila wapi pa kunyamaza hakikwambii. Taarabu yetu nayo iliazima rumba toka zamani na haikufa. Siku hizi nazima mdundo kwanza, natafuta noti fupi kwa vidole vyangu. Babu bado hajakubali, lakini juzi hakufunga dirisha.

Je wadau, kinanda ndo kimeharibu taarabu, au sie wapigaji wavivu? Mwageni maoni hapo chini, matusi hapana.