Robert Owen, mwenye kiwanda aliyeshusha bei ya chakula

KAMINA – Enzi za ukoloni, mfanyakazi wa reli ya BCK katika mji huu wa jimbo la Haut-Lomami alipokea posho ya unga kutoka kwa kampuni ile ile iliyomlipa mshahara. Anayeshika kazi yako akishika na chakula chako, bei anaipanga nani? Swali hilo lilimkuta Robert Owen huko Scotland zaidi ya karne mbili zilizopita, naye alikuwa upande wa bosi.

Owen alizaliwa tarehe 14 Mei 1771 mjini Newtown, Wales. Aliacha shule akiwa na miaka 10 hivi, akaenda kujifunza kazi katika duka la vitambaa. Huko alijua jinsi bidhaa inavyonunuliwa na jinsi bei inavyopandishwa.

Mwaka 1799, yeye na wenzake walinunua viwanda vya pamba vya New Lanark kutoka kwa David Dale, ambaye binti yake, Caroline, akawa mke wa Owen mwaka huohuo. Wachuuzi wa pale waliwauzia wafanyakazi vitu vibovu kwa mkopo na kwa bei ya juu. Mshahara uliisha kabla haujafika mkononi.

Owen hakugawa sadaka. Alifungua duka, akanunua chakula, nguo na makaa kwa jumla, kisha akauza kwa bei iliyozidi kidogo tu gharama. Kwa hesabu yake mwenyewe, familia ziliokoa robo ya matumizi yao. Hata hivyo faida ilibaki, kama pauni 700 kwa mwaka, nayo ikaenda kwenye shule ya watoto.

Washirika wake walinung'unika. Walitaka gawio, si shule. Mwaka 1813 viwanda vilipigwa mnada. Owen alivinunua tena pamoja na wawekezaji wapya, akiwemo mwanafalsafa Jeremy Bentham, waliokubali kupata asilimia 5 kwa mwaka na si zaidi.

Lakini duka lilibaki la bosi. Wafanyakazi walinunua kwa bei nafuu bila kuamua lolote. Mwaka 1825 Owen alijaribu kujenga jamii nzima ya ushirika huko New Harmony, Marekani. Ilivunjika ndani ya miaka michache, ikameza sehemu kubwa ya mali yake.

Waliolimiliki duka wenyewe ni watu wa Rochdale, Uingereza. Tarehe 21 Desemba 1844, wanachama 28, baadhi yao wafuasi wa Owen, walifungua duka kwa mtaji wa pauni 28: unga, siagi, sukari, mishumaa. Kila mmoja alikuwa na kura moja, na faida iligawanywa kulingana na manunuzi.

Owen alifariki tarehe 17 Novemba 1858 mjini Newtown, akiwa na miaka 87. New Lanark imo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2001, na jengo la duka lake bado limesimama.