Bibi Aliyefundisha Shabaha Bila Ujira

Wapo askari na polisi ambao, siku ya mapumziko ifikapo, huacha starehe zao wakaenda kwenye uwanja wa shabaha kuwafundisha vijana wa raia. Hawalipwi kitu. Wenzao huwacheka kwamba wanamwaga jasho bure. Kwa ajili ya wanaocheka, na zaidi kwa ajili ya wanaochekwa, twapenda leo kumkumbuka mwanamke mmoja wa Marekani, hayati Bibi Annie Oakley. Dunia yamjua kwa maonyesho yake ya kulenga shabaha. Kwa maoni yetu, kazi yake iliyo bora kupita zote ilikuwa ni ualimu.

Alizaliwa tarehe 13 Agosti 1860 katika wilaya ya Darke, jimbo la Ohio, akapewa jina la Phoebe Ann. Baba yake alifariki mwaka 1866, akaiacha nyumba imejaa watoto na haina akiba. Mtoto yule akapelekwa kulelewa katika nyumba ya maskini ya wilaya, na kutoka huko akakabidhiwa kwa mume na mke waliotaka mtumishi. Walimtumikisha kama punda, wakampiga pia. Hata uzeeni hakukubali kulitaja jina lao. Aliwaita mbwa mwitu, basi. Hatimaye aliwatoroka, akarudi kwa mama yake.

Msomaji aangalie bunduki iliingia maishani mwake kwa mlango gani. Haikuingia kwa mchezo wala kwa vita, bali kwa njaa. Aliwinda kware na wanyama wadogo katika misitu ya kwao, akawauza kwa wenye duka wa mjini Greenville. Nyama iliyojaa marisau haina bei, hivyo ilimpasa kulenga kichwa. Kila alipokosa, baruti yake mwenyewe ilipotea. Kwa fedha za mawindo hayo alilikomboa shamba la mama yake lililokuwa limewekwa rehani, naye angali kijana. Sisi tuliojifunza kwa risasi za serikali, ambazo hatukuzinunua, yatupasa kulifikiri jambo hilo tunapozihesabu zilizotoka nje ya ubao.

Habari za umaarufu wake ni nyingi, nasi hatutazirefusha. Alishindana na Frank Butler, mlenga shabaha aliyeishi kwa maonyesho, akamshinda. Butler akamwoa, na baadaye akaiweka bunduki yake kando ili awe msimamizi wa mkewe. Wanaume wawezao kufanya hivyo bila kinyongo, hata leo, ni wa kuhesabika. Mwaka 1885 wakajiunga na kundi la maonyesho la Buffalo Bill, na mwaka 1887 wakawa London wakati wa sherehe za jubilii ya Malkia Victoria.

Mwaka 1898, Marekani ilipokaribia kupigana na Hispania, Bibi Oakley alimwandikia Rais McKinley akijitolea kuleta kikosi cha wanawake 50 walenga shabaha, wenye silaha na risasi zao wenyewe. Hakukubaliwa. Mwaka 1917, nchi yake ilipoingia katika Vita Kuu ya Kwanza, alijitolea tena, akapuuzwa tena. Twasema bila kificho kwamba wakuu wale walikosea. Hata kama hawakutaka wanawake mstari wa mbele, walikuwa na maelfu ya makurutu wasiojua kushika bunduki, na mwalimu alikuwa mlangoni akibisha hodi.

Mwingine angenuna. Yeye alifunga safari kwa gharama yake mwenyewe, na mwaka 1918 akazizunguka kambi za jeshi akiwaonyesha askari ufundi wake. Alifuatana na mumewe na mbwa wao, Dave. Watazamaji walificha fedha zilizofungwa katika leso, na mbwa akizigundua, zilikwenda kwa Msalaba Mwekundu.

Ualimu wenyewe ulistawi katika mji wa Pinehurst, jimbo la North Carolina, ambako yeye na mumewe walikaa majira ya baridi kuanzia mwaka 1915. Huko aliwafundisha wanawake na wasichana, wala hakuwatoza ada. Inakadiriwa kuwa katika maisha yake aliwafundisha wanawake wapatao 15,000. Wakati ule wengi waliamini kwamba mwanamke hana bega la kustahimili bunduki. Yeye alishikilia kwamba kosa si la bega: bunduki na iwe nyepesi, na kitako chake kilingane na mwili wa mwenye kuishika. Nasi tumewaona wakufunzi wakimkaripia kurutu mfupi siku nzima, kumbe kitako ndicho kirefu.

Tena kuna jambo ambalo askari hulisahau. Kambini mkufunzi ana amri na adhabu. Ajitoleaye kuwafundisha raia hana hata moja. Mwanafunzi akichoka au akitukanwa, hurudi kwao, na kesho haonekani. Mwalimu wa namna hiyo hana budi kuwa na subira na maneno ya adabu, na usalama wa silaha aufundishe hadi mwanafunzi auzingatie bila kusimamiwa. Hao 15,000 hawakuletwa kwa amri ya mtu.

Mwezi Novemba 1922 alipata ajali ya gari, akavunjika nyonga na kifundo cha mguu. Tangu hapo alitembea kwa chuma kilichofungwa mguuni, lakini alirudi uwanjani akalenga tena. Medali zake za dhahabu, inaelezwa, aliziyeyusha ili thamani yake isaidie wagonjwa. Alifariki mjini Greenville tarehe 3 Novemba 1926, akiwa na umri wa miaka 66. Mumewe alimfuata baada ya siku 18. Wamezikwa pamoja katika makaburi ya Brock, katika wilaya ile ile alikowinda kware.